Somo: Kutuliza lenzi ndefu bila kuonekana umebeba bunduki

Kila msimu wa ndege wahamiaji, swali la vitako vya bega linarudi. Ni vile vinavyouzwa mtandaoni: kipande cha kuegemeza begani, mpini wa kushika kama bastola, na kifyatulio kilichounganishwa na kamera kwa waya. Kazi yake kinaifanya, sibishi. Lenzi ya milimita 400 ikibanwa na bega na shavu hutulia kuliko ikishikwa kwa mikono mitupu. Shida ni kwamba aliye mita hamsini haoni kamera. Anaona mtu amebana kitu kirefu begani, amefumba jicho moja, kidole kiko kwenye kifyatulio, na analenga.

Kifaa chenyewe si kipya. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya picha iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akaitumia kuwafuata ndege wakiruka. Kuanzia 1965 kiwanda cha Krasnogorsk huko Urusi kikatoa Fotosnaiper FS-3: kamera ya Zenit, lenzi ya Tair-3 ya milimita 300, kitako na kifyatulio, vyote ndani ya sanduku la chuma. Wapo wanaozinunua mpaka leo.

Hatua ya 1: Pima kama unakihitaji

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie, isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa milimita 400, hiyo ni 1/400 ya sekunde. Enzi za filamu ya ISO 100, iliyohitaji mwanga mwingi, alfajiri hukuipata kasi hiyo, kwa hiyo kitako kilikuwa na maana. Leo lenzi yenye kizuia mtikisiko cha stopu nne (kila stopu inagawa kasi kwa mbili) inakufikisha 1/25 ukiwa umesimama tu. Na ndege akiruka utahitaji 1/2000 hivi ili mabawa yasifanye ukungu. Kwa kasi hiyo mkono ukitetemeka kidogo picha haioni. Kinachobaki kwa kitako ni kukupunguzia uchovu na kukusaidia kumfuata ndege angani. Kwangu faida hiyo hailingani na hatari yake mjini.

Hatua ya 2: Tumia mbadala

Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage robo tatu, ukiwekwa kwenye dirisha la gari au juu ya ukuta, hutuliza lenzi vizuri kuliko kitako chochote. Usiujaze pomoni, hautakaa. Ukitembea, chukua stendi ya mguu mmoja. Kama huna chochote, bana viwiko kwenye mbavu, shika lenzi kwa chini, egemea mti.

Hatua ya 3: Ukiamua kukitumia, chagua mahali na saa

Shambani kwako, au kwenye hifadhi ambako wasimamizi wameshakiona mkononi mwako kabla hujakiinua. Basi. Benki, ubalozi, kambi, kituo cha polisi, daraja, uwanja wa ndege, hapana. Sehemu nyingi kati ya hizo hata simu ukiielekeza utaulizwa. Nairobi, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate ya Septemba 2013 na DusitD2 ya Januari 2019, mlinzi wa lango la duka kubwa hana utani, na tusimlaumu. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri na magharibi, ndizo hizo hizo tunazozipenda kwa mwanga.

Hatua ya 4: Kibebe kimefunguliwa

Kitako mbali, kamera mbali, vyote ndani ya begi. Usikivae mgongoni ukiwa juu ya bodaboda. Ukisafiri kwa ndege, kiende kwenye mzigo wa chini, maana vitu vinavyofanana na silaha haviruhusiwi kuingia navyo ndani.

Hatua ya 5: Ukiitwa ghafla

Hii isome mara mbili. Mtu akiitwa kwa nyuma hugeuka, na akigeuka na kitako begani, mtutu wa lenzi unageuka naye kumwelekea aliyemwita. Kwa hiyo kwanza achia kifyatulio na ushushe lenzi ielekee ardhini, ukiwa bado umempa mgongo. Iache ining'inie kwenye mkanda. Kisha inua mikono, viganja wazi, ndipo ugeuke polepole. Sema kwa sauti: "Afande, mimi ni mpiga picha, hii ni kamera. Niiweke chini?" Subiri jibu. Usiingize mkono mfukoni kutafuta kitambulisho mpaka uambiwe. Usikimbie, na usianze kumfundisha sheria hapo.

Anayedhani natia chumvi aangalie yaliyotokea kwa kamera za kawaida kabisa. Agosti 2003, Mazen Dana, mpiga picha wa video wa shirika la habari la Reuters, aliuawa na askari wa Marekani karibu na gereza la Abu Ghraib, Iraq. Jeshi lilisema askari alidhani kamera ni kirusha roketi. Julai 2007 huko Baghdad, Namir Noor-Eldeen na Saeed Chmagh, nao wa Reuters, waliuawa na helikopta ambayo wanajeshi wake waliona lenzi ndefu wakaita silaha. Na si vitani tu. Septemba 2017, New Carlisle, jimbo la Ohio, mpiga picha wa gazeti dogo la hapo alitoka usiku kutafuta picha za radi. Aliona askari polisi kasimamisha gari la mtu, akashuka na kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Alipigwa risasi na askari huyo, akapona. Yeye na askari yule walikuwa wakifahamiana.

Maswali ya wanachama

*Nikikipaka rangi ya chungwa je?* (Arusha)
Rangi huonekana baada ya umbo, na giza likianza kuingia haionekani kabisa. Marekani sheria inadai bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi hiyo, na polisi wanajua wahalifu wanaweza kupaka bunduki halisi rangi hiyo, au kuiondoa kwenye za kuchezea. Paka ukipenda, ila usiihesabu kama kinga.

*Kizibao chenye maandishi ya wanahabari hakitoshi?* (Bukavu)
Fadel Shana wa Reuters alikuwa amekivaa Gaza, Aprili 2008, na gari lake lilikuwa na alama. Kifaru kilifyatua, akafa. Jeshi la Israeli lilisema waliokuwa ndani hawakuweza kutambua kama kilicho juu ya stendi ni kamera au silaha. Vaa, lakini kinasomeka kwa aliye karibu tu.

*Serengeti ndani ya gari, nani ataniona?* (Mwanza)
Askari wa wanyamapori wanaotafuta majangili. Kitu kama bunduki kikichomoza dirishani ndicho wanachokitafuta. Na kwenye gari mfuko wa maharage ni bora hata bila habari ya usalama.

*Niko Leicester, huku mambo ni huru, au sivyo?* (Leicester)
Huko ndiko sheria imeandikwa wazi zaidi. Sheria ya silaha ya mwaka 1968, kifungu cha 19, inakataza kubeba hadharani bunduki ya bandia bila sababu ya msingi, na bandia maana yake ni chochote chenye mwonekano wa bunduki. Unaweza kujitetea kuwa ulikuwa ukipiga picha za ndege, lakini utajitetea baada ya polisi wenye silaha kuja.

*Marehemu baba aliniachia Fotosnaiper, nikiuze?* (Tanga)
Usiuze, shehe. Toa lenzi ya Tair kwenye kitako, tafuta adapta ya M42 (aina ya skrubu ya lenzi hiyo) ya kamera yako ya kidijitali, uitumie kwenye stendi. Utafokasi kwa mkono. Kitako kiache ndani ya sanduku lake.