SOMO: Lile tundu "la ziada" kwenye filimbi ya Kichina si ubovu. Bandika utando hivi

Habari za leo wakuu.

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya filimbi iliyochorwa mshale mwekundu: "Mkuu, nimenunua filimbi ya Kichina, ina tundu moja limezidi, nikipuliza inatoa upepo tu. Nimepigwa?" Hujapigwa. Nimejibu hili swali mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja hapa. Kuanzia leo atakayeuliza namrushia uzi huu na kuendelea na shughuli zangu.

Hiyo filimbi inaitwa dizi. Ni ya mwanzi, inapulizwa ikiwa imelazwa ubavu. Ina tundu la kupulizia, matundu sita ya vidole, na kati ya lile la kupulizia na yale ya vidole, peke yake, ndilo hilo mnalolituhumu. Linatakiwa kufunikwa na utando mwembamba uitwao dimo, unaotolewa ndani ya shina la tete. Ukipuliza, utando unatetemeka, na ndipo inapotoka ile sauti yenye mvumo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, inayokufanya ujue ni muziki wa Kichina hata ukiusikia chumba cha pili. Bila utando pumzi yote inatorokea hapo.

Yale matundu mengine mkiani, ambayo vidole haviyafikii, msiyazibe. Hayo ni ya kuweka sauti sawa na ya kuning'inizia kishada.

Hatua ya 1. Nawa mikono, kausha. Mafuta ya chipsi na dimo havikai pamoja.

Hatua ya 2. Futa tundu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, utoe gundi ya zamani. Usikwangue kwa kisu, ukingo ukimegeka utando hautashika tena.

Hatua ya 3. Kata utando. Dimo huuzwa kwenye pakiti ya karatasi, zikiwa kama mirija iliyolala bapa. Pasua mrija kwa wembe upande mmoja, ufungue, kisha kata kipande kinachozidi tundu kwa milimita kama tatu kila upande. Usipoupasua utabandika tabaka mbili, halafu utakuja huku kulalamika.

Hatua ya 4. Paka gundi pembeni ya tundu. Wachina hutumia ejiao, kipande kigumu cha rangi ya kahawia ambacho mara nyingi unakikuta humo humo kwenye pakiti. Lowanisha kidole, pitisha kuzunguka tundu, halafu sugua ejiao hapo mpaka panate. Huna? Chukua punje ya kitunguu saumu, kata ncha, sugua pale ulipokata. Inashika vizuri kabisa, ila kwa siku chache utapiga muziki wa Suzhou unanuka pilau. Gundi isiingie ndani ya tundu. NA USITUMIE SUPAGLUU. Utando huu unabadilishwa kila mara, haukai milele.

Hatua ya 5. Kulaza utando. Hapa tulieni.

Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa angefanya: niliuvuta ukakaza kabisa, laini kama kioo. Nikajisifu. Kupuliza, sauti imekufa, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Nikadhani filimbi ni mbovu, nikaenda kununua nyingine, nayo nikaifanyia vile vile. Miezi miwili nimepoteza hivyo. Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa bustanini kule Nanjing, China, nilipokuwa nasoma. Alinichukulia filimbi mkononi bila hata salamu, akaubandua utando wangu, akaupikicha kati ya vidole kama mtu anayehesabu noti kuukuu, akaulaza upya ukiwa umejaa makunyanzi. Akapuliza. Sikusema kitu.

Kwa hiyo: utando wa dizi HAUWAMBWI kama ngoma. Unatakiwa uwe na makunyanzi membamba, mengi, yanayolingana, katikati ya tundu. Mimi huyafanya yakate filimbi kwa upana, siyo kwa urefu. Upikiche kwanza taratibu ulainike, ulaze juu ya tundu, halafu kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, usukume na kuuvuta kidogo kidogo kabla gundi haijakauka. Ukiharibu, pulizia hapo pumzi ya moto, gundi italainika, urudie.

Tahadhari tatu. Usibonyeze katikati kwa kidole, unatoboka. Usifanyie kazi hii chini ya feni, utando utaupata jirani. Na usikate tamaa kabla ya kuharibu vipande vitano. Hivyo vitano ni ada.

Hatua ya 6. Subiri dakika chache, halafu jaribu. Sauti za chini nzito, zimefifia, hazina mvumo: umekaza mno, au gundi imeingia ndani. Sauti inakwaruza na za juu zinagoma kutoka: umelegeza mno. Zote zikitoka na ule mvumo upo, acha hapo hapo. Usiguse tena kwa tamaa ya kuboresha.

Nimemaliza. Maswali.

---

Kijana_wa_Temeke: Mkuu somo zuri, ila mimi yangu ina tundu moja limezidi, je ni mbovu?

Mwandishi: Soma kichwa cha habari.

Bintimaji: Asante kaka. Nikiziba kwa selotepu je?

Mwandishi: Dada, kwa mazoezi ya vidole inafaa, na hata Wachina wenyewe huanza hivyo wakikosa dimo. Itapiga sauti safi, ila itakuwa filimbi ya kawaida tu. Ukipata dimo utashtuka.

Fundi Simu: Nimeweka supagluu. Nifanyeje?

Mwandishi: Nimeandika kwa herufi kubwa, fundi. Herufi kubwa!

Fundi Simu: Nilibandika kabla ya somo bwana, acha ukali.

Mwandishi: Haya, samahani. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, pitisha kidogo kidogo pembeni ya tundu tu. Ikigusa rangi ya filimbi itaichubua. Nenda polepole.

Mwalimu Neema: Shikamoo kama ni mkubwa, habari kama ni rika. Hiyo ejiao ni kitu gani hasa? Nimelisikia hilo jina mahali kwingine kabisa.

Mwandishi: Marahaba mwalimu, ingawa nadhani ni rika. Umelisikia kwenye habari za punda. Ejiao ni gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda. Sisi wapiga filimbi tunatumia kipande kinachokaa mwaka mzima, ila matumizi yake makubwa China ni kama dawa na kirutubisho, na huko ndiko punda wa Afrika walikokuwa wanaishia, mpaka Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kupiga marufuku biashara hiyo. Ndiyo maana mimi siku hizi natumia kitunguu saumu. Punda wa jirani yangu ananipenda.

Mwalimu Neema: Na Wakorea na Wajapani nao wanabandika?

Mwandishi: Swali zuri. Wakorea ndiyo. Wana filimbi kubwa ya mwanzi, daegeum, inafika sentimita 80 hivi, na utando wake unaitwa cheong. Nao unatoka kwenye tete, huvunwa karibu na sikukuu ya Dano, mwezi wa tano wa kalenda ya mwezi, kisha unapikwa kwa mvuke. Tundu lake ni kubwa kuliko la dizi, na juu yake kuna kibati kinachofungwa kwa uzi kulinda utando. Mpigaji akipuliza kwa nguvu, ule mvumo unapasuka kama kitambaa kinachochanwa, akipunguza unapotea. Wajapani hapana: shinobue ya kwenye sherehe za mitaani na ryuteki ya muziki wa ikulu hazina utando. Filimbi ya tamthilia za Noh imefanyiwa ujanja mwingine, kibomba kifupi kimechomekwa kwa ndani kati ya tundu la kupulizia na la kwanza la kidole, kinabana njia ya upepo na kuvuruga oktava, yaani ulingano wa noti ya chini na ya juu yake, makusudi. Ndiyo maana inalia kama mzimu.

Mtoto wa Pwani: Yangu imeandikwa noti ya D lakini nikiziba matundu yote inatoa noti ya A. Kiwanda kimekosea?

Mwandishi: Hakijakosea. Dizi hutajwa kwa ile "do" unayoipata ukiziba matundu matatu ya juu. Ukiziba yote unapata "sol", ambayo kwa D ni A. Hiyo uliyonayo ni qudi, ya kusini, ndefu na laini, iliyokulia kwenye opera ya Kunqu. Zile fupi za F na G ni bangdi, za kaskazini, kali.

Kijana_wa_Temeke: Bei gani na naipata wapi?

Mwandishi: Mimi si duka.

Mgogo Halisi: Mkuu mimi niko Dodoma. Nikibandika asubuhi, mchana utando umekaza wenyewe na sauti imekufa. Nakosea wapi?

Mwandishi: Hukosei, ni hewa. Ukavu unaukaza. Huku kwetu Dar ni kinyume, ukiacha dirisha wazi unalegea kama kitambaa cha deki. Kwako bandika ukiwa umelegea kuliko nilivyoeleza, na filimbi usiiache kwenye gari, mwanzi utapasuka.

Mgogo Halisi: Nashukuru. Nilicheka niliposoma habari ya utando, maana ilimba ya babu, ile ala yetu ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ilikuwa na tundu kwenye kisanduku limezibwa na utando wa buibui, ule mweupe wa kwenye kuta. Tukiuchomoa sisi watoto tunachapwa, anasema tumeiua sauti.

Mwandishi: Mzee, hii ungeitoa mapema! Ni kazi ile ile: utando unatetemeka, sauti inapata mkwaruzo. Dizi ya Mchina na ilimba ya Mgogo zimefika pamoja kila moja kwa njia yake. Alikuwa anaushikiza kwa nini?

Mgogo Halisi: Ule wa buibui unanata wenyewe. Anaupulizia pumzi tu.

Mwandishi: Kupulizia pumzi! Miezi miwili Nanjing.

Bintimaji: Sasa kaka, kama dimo ni tete, si matete yamejaa mtoni Ruvu? Tusichonge yetu?

Mwandishi: Nimejaribu mara mbili, dada. Ukipasua shina pole pole, utando upo ndani kweli, mweupe. Wangu ulichanika nikiutoa. Nadhani nilikata matete yaliyokomaa mno. Ukienda, chagua machanga, pingili ndefu, na utuwekee picha hapa.

Fundi Simu: Asetoni imefanya kazi. Ila rangi imechubuka.