Rakaa mbili kabla ya adhana: kuanza kisimamo cha usiku na kudumu nacho

Anayetaka kumkurubia Mwenyezi Mungu huanzia kwenye faradhi. Hadithi qudsi (maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume) iliyopokewa na Bukhari imeweka mpango huo wazi: mja hajikurubishi kwa Mola wake kwa kitu kipendezacho zaidi kuliko alichofaradhishiwa, kisha huendelea kujikurubisha kwa sunna mpaka Mola ampende. Kwa hiyo kama swala ya alfajiri bado inakukuta kitandani, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, na haya mengine yangoje. Ukishazishika tano kwa wakati wake, sunna ya kuiendea ni swala ya usiku, yaani kisimamo, ambayo Mtume (s.a.w.) aliitaja kuwa bora baada ya faradhi.

Wakati wake ni baada ya isha mpaka alfajiri, ila theluthi ya mwisho ndiyo yenye ahadi: Mola huuliza ni nani anayemwomba amjibu, ni nani anayemtaka maghufira amsamehe. Watu wengi hukisia tu theluthi hiyo, ingawa hesabu yake ni nyepesi. Chukua saa zilizopo kati ya magharibi na adhana ya alfajiri, ugawe kwa tatu. Pwani yetu, magharibi ikiingia saa 12:30 na alfajiri saa 11:00, usiku una saa kumi na nusu, na theluthi moja ni saa tatu na nusu. Basi theluthi ya mwisho inaanza saa 7:30 usiku. Si lazima uiamkie mwanzoni. Aliyeamka saa 10:30 yumo ndani yake sawasawa. Aliye Ulaya asitumie hesabu ya Mombasa. Huko usiku wa kiangazi ni mfupi mno na wa baridi ni mrefu, kwa hiyo apige hesabu upya kila baada ya wiki kadhaa.

Kisimamo huharibika jioni, saa nyingi kabla ya kengele ya simu kulia. Mtume alichukia mazungumzo baada ya isha, na siku hizi mazungumzo hayo yamo mkononi. Ukilala saa 6 usiku ukiwa umeshiba wali, saa 10:30 utaizima kengele na hata hutakumbuka kama uliizima. Kula mapema na iache simu upande wa pili wa chumba, ili kuizima kukulazimu kusimama. Tia udhu, lala ubavu wa kulia, soma Ayatul Kursiyyu, kisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Nia ya kuamka uiweke hapo hapo. Mchana, ukipata hata robo saa ya kailula, yaani usingizi mfupi wa mchana, kabla au baada ya adhuhuri, usiku utakuwa mwepesi.

Kwa wiki mbili za mwanzo, swali witri, swala ya rakaa za witiri inayofunga swala za usiku, kabla ya kulala. Ndivyo Mtume alivyomuusia swahaba wake Abu Huraira, na ndivyo alivyomwelekeza yeyote anayechelea kutoamka. Ukiamka, swali mbili mbili bila kuirudia witri, kwani hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Kuamka kukishakuwa mazoea, ihamishie witri mwisho wa usiku.

Weka kengele dakika 30 kabla ya adhana. Ukifumbua macho, mtaje Mwenyezi Mungu kabla ya kugusa chochote, piga mswaki, utawadhe. Hadithi inasema shetani humfunga aliyelala mafundo matatu: moja hufunguka kwa dhikri, la pili kwa udhu, la tatu kwa swala. Ndiyo maana dakika tano za kwanza huwa nzito kuliko zote, na anayejiambia atapumzika kidogo kwanza hubaki na mafundo yote. Swali rakaa mbili nyepesi, kwa sura fupi unazozijua vizuri. Dakika saba au nane zinatosha. Kisha rakaa moja ya witri, kama hukuiswali kabla ya kulala. Dakika zilizobaki ni za dua na istighfari, nazo usizipunguze ili kuongeza rakaa.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuanza na nyingi. Bibi Aisha, mkewe Mtume, amesimulia kwamba Mtume hakuwa akizidisha rakaa 11, Ramadhani wala miezi mingine. Basi mtu akisikia hivyo hutaka 11 usiku wa kwanza. Usiku wa nne hayupo. Amali zinazompendeza zaidi Mwenyezi Mungu ni zinazodumu hata zikiwa chache, na swahaba Abdullah bin Amr alionywa na Mtume asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Kaa na mbili kwa siku 40 ndipo uongeze mbili. (Siku 40 ni kipimo chetu tu, si sheria.) Na usingizi ukikuzidi mpaka hujui unasoma nini, lala, hayo nayo ni mafundisho ya Mtume.

Mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa amesujudu, kwa hiyo refusha sijda. Hapa wasiojua Kiarabu hukwama. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu kuomba kwa lugha nyingine ndani ya swala, na katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani, jambo hilo lina mkazo. Njia salama ni kuhifadhi dua mbili tatu zilizopokewa, pamoja na maana zake, uzisome katika sijda. Ukishatoa salamu, inua mikono useme kwa Kiswahili, au kwa lahaja ya kwenu: deni kwa kiasi chake, mtoto kwa jina lake, dhambi kama ilivyo. Anza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume. Dua ya jumla jumla, inayosomwa kama orodha, ndiyo inayomfanya mtu aone anaongea na ukuta. Wala usiseme umeomba hukujibiwa, maana haraka hiyo yenyewe huzuia jibu. Angalia pia chumo lako: Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea habari za msafiri aliyeinua mikono, ilhali chakula na nguo zake ni za haramu, basi vipi atajibiwa?

Mwanamke aliye katika hedhi asiizime kengele. Haswali, lakini dhikri, istighfari na dua ni zake, na akiacha kuamka siku saba kila mwezi, kurudi humwia vigumu.

Usiku ukikupita, usijilaumu mpaka ukaacha kabisa. Mtume alipozuiwa na usingizi au maradhi, aliswali rakaa 12 mchana. Aliyezoea tatu (mbili na witri) aswali nne, baada ya jua kupanda kiasi cha dakika 20 na kabla halijafika utosini.