Kupe wa ughaibuni: jikague usiku uleule

Wengi wetu tunamjua kupe kuwa adui wa ng'ombe: analeta ndigana, mifugo inaogeshwa, basi. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya kupe ni habari ya binadamu, na ugonjwa unaotajwa zaidi ni Lyme.

Kupe haruki, wala hadondoki kutoka mtini. Hupanda ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri upite. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajakomaa, mdogo kama mbegu ya mchicha. Mate yake hutia ganzi, kwa hiyo husikii kitu.

Bakteria wa Lyme kupe huwatoa kwa panya wa porini, nao hukaa tumboni mwake. Akianza kukunyonya ndipo wanapohamia kwenye tezi za mate, na kwa kawaida safari hiyo huchukua zaidi ya saa 24. Ukimng'oa siku hiyohiyo, mara nyingi umeshamuwahi. Virusi vya homa ya ubongo ya kupe, vinavyopatikana Austria, Ucheki na nchi za Baltiki, vimo kwenye mate tayari. Dakika chache zinatosha. Hiyo ina chanjo, muulize daktari wako.

Kwa hiyo ukirudi kutoka msituni au kwenye majani marefu, oga, kisha pitisha vidole kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na ya masikio. Watoto wapekue hadi kwenye nywele. Ukimkuta, mbane kwa kibano chembamba pale anapogusana na ngozi, uvute taratibu bila kusokota. Mambo ya kiberiti na mafuta ya taa yaache, yanakupotezea muda tu. Osha kwa sabuni, andika tarehe.

Doa la Lyme hutokea kati ya siku 3 na 30, nalo hutanuka. Picha nyingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu linaweza kuwa la zambarau au kahawia, kama alama ya kujigonga, na daktari akalipita. Wengine hawapati doa kabisa, wanapata homa na uchovu tu.

Halafu kuna babesia, vimelea vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu na kufanana na vya malaria kwenye hadubini. Ukishikwa na homa baada ya likizo ya nyumbani, mtajie daktari safari, lakini mtajie na ile pikiniki ya msituni.