Namna ya kutambua mmea wa kijani usioujua kwenye parseli

Ukiniambia mmea wako "hauangushi majani hata kiangazi", bado hujaniambia kitu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chetu ni kifupi, na vitu vingi uani hubaki kijani mwaka mzima. Anza na kitawi.

1. Kata kitawi, si jani moja. Kiwe na ncha changa na majani yaliyokomaa. Jifunge kitambaa mkononi, kisha tazama palipokatwa. Utomvu ukiwa mweupe kama maziwa, usijiguse usoni: ule wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda.

2. Majani yamekaaje? Hapa usiwe na haraka, kazi yote iko hapa.

Yakiwa mawili mawili yakitazamana, chunguza kitawi katikati ya vikonyo viwili. Ukiona kitu kidogo kama kipande cha jani, chenye ncha, kimejibana pale, uko kwenye ukoo wa kahawa: mkahawa wenyewe, kinakina, gardenia, iksora. Duranta ya uzio nayo majani yake hutazamana, ila kijipande hicho haina.

Yakitoka matatu matatu mahali pamoja, marefu, membamba na magumu, huenda ni lorie-roze (oleanda). Mwenzake wa maua ya manjano, tivetia, ana majani membamba pia, lakini hukaa moja moja kuzunguka tawi na hutoa maziwa. Yote miwili ina sumu inayoshika moyo. Usichemshe, usilishe mbuzi, na watoto wasichezee mbegu.

Majani yanayopishana, maziwa meupe, na alama ya pete inayozunguka kitawi kila palipokaa jani: hiyo ni jamii ya mkuyu.

3. Ponda jani unuse, kama halina maziwa. Mkaratusi na lantana hujitaja wenyewe. Jani la mlimau, ukiliinua juani, lina vitone vinavyopitisha mwanga.

4. Sasa ndiyo simu. Weka kitawi juu ya karatasi nyeupe. Piga picha ya jani juu na chini, kisha kitawi kizima. Pl@ntNet, programu ya simu ya kutambua mimea kwa picha, itakupa orodha ya majina yenye asilimia. Usilichukue jina la kwanza kwa sababu liko juu. Ikisema lorie-roze na majani yako yanapishana, likatae.

5. Bado? Bana kitawi kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, ubadilishe magazeti kila siku, maana msimu wa mvua ukungu hauchelewi. Andika mahali, urefu wa mmea na rangi ya utomvu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, upande wa Katana, kina mkusanyo wa mimea iliyokaushwa wa kulinganishia. Lakini kabla ya kupanda gari, muulize mama aliyepanda uzio huo alipewa kitawi na nani. Nyua nyingi za mjini zimeanzia kwa vitawi vya jirani, na mara nyingi huko ndiko mmea mama uliko, ukiwa na maua.