Affogato: iliki itangulie, kahawa ifuate

Kwa affogato, ile aiskrimu ya vanila ya Waitalia inayomiminiwa espresso (kahawa nzito ya moto), kiungo cha kunukisha ninachokiamini ni iliki, na inyunyizwe juu ya aiskrimu kabla ya kumimina kahawa. Menya iliki mbili, twanga mbegu zake papo hapo, kisha bana unga kidogo kwa vidole viwili. Unatosha bonge moja la aiskrimu na mililita 30 za kahawa. Moto wa kahawa unaifumua harufu, na mafuta ya maziwa yanaishika. Ukinyunyiza mwishoni, kitu kimeshapoa: harufu inalala, unabaki na vumbi ulimini. Haitafanikiwa kahawa ikiwa vuguvugu, wala kwa iliki ya unga iliyokaa koponi miezi. Ukizidisha, ladha inaelekea kwenye sabuni. Mdalasini wa unga uache: hauyeyuki, unafanya madonge yenye utelezi. Karafuu, hata chembe, inaimeza kahawa yote. Kama iliki haipo, kuna kungumanga unayoikuna muda huohuo, kwa mpangilio uleule.