Kusakinisha pakeji za R kwenye Ubuntu, na pale sf inapogoma

Juzi mdogo wangu, anayeandika tasnifu kuhusu vituo vya afya, alikuja na kompyuta yake yenye Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux. Alihitaji sf, pakeji (nyongeza) ya R, lugha ya kuchambua takwimu, ili achore ramani. Tulianza saa moja jioni, tukamaliza saa nne usiku. Muda wote huo uliliwa na hatua ya 3.

1. Fungua R bila sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi wa kompyuta). Katika hatua ya 2, ikikuuliza kama itengeneze maktaba yako binafsi, yaani folda ya pakeji zako, jibu yes.

2. Andika:

install.packages("sf")

Walio kwenye Windows au Mac wameshamaliza. Waende hatua ya 4.

3. Kwa Windows na Mac, CRAN, ghala kuu la pakeji za R mtandaoni, hutoa pakeji zikiwa tayari zimejengwa. Linux hupewa msimbo ghafi, na kompyuta yako ndiyo inayoujenga. Sasa sf inategemea maktaba za mfumo ambazo R haiwezi kukuletea: GDAL ya kusoma faili za ramani, GEOS ya hesabu za maumbo, PROJ ya kubadili mifumo ya ramani, na udunits ya vipimo.

Zikikosekana, mistari itamiminika kwa dakika kadhaa kisha utaona "had non-zero exit status". Huo mstari wa mwisho haukuambii chochote. Panda juu utafute neno "error". Sisi tulikuta hivi:

configure: error: gdal-config not found or not executable.

Hapo ndipo tulipopotea. QGIS, programu ya ramani inayotumia GDAL, ilikuwa inafungua ramani vizuri kwenye kompyuta ileile, kwa hiyo tuliamini GDAL ipo, na kweli ilikuwapo. Kilichokosekana ni toleo lake lenye "-dev" mwishoni, lile linalobeba gdal-config na faili ambazo R huzihitaji wakati wa kujenga. Programu iliyokwisha kujengwa haina haja nalo. R inayojenga upya haiendi bila hilo. Toka R, kwenye teminali andika:

sudo apt install build-essential cmake libgdal-dev libgeos-dev libproj-dev libudunits2-dev libssl-dev

Kisha rudia hatua ya 2, na uwe na subira, ujenzi huchukua muda. Wapo wanaoshauri r-cran-sf, yaani sf iliyokwisha kujengwa inayoletwa na apt, kisakinishi cha Ubuntu. Mimi siipendi: unabaki na toleo la zamani, na ukichanganya na install.packages utakuwa na sf mbili kwenye folda mbili.

4. library(sf). Ukiona "Linking to GEOS" ikifuatiwa na namba za matoleo, imekubali.

5. Kwa kazi ya miezi, tumia renv, pakeji inayotunza kumbukumbu ya matoleo ya pakeji za mradi wako, tena tangu siku ya kwanza. Ukitoka R 4.3 kwenda 4.4, R hutafuta pakeji kwenye folda mpya iliyo tupu.

install.packages("renv")
renv::init()
renv::snapshot()

Matoleo ya pakeji zinazotumika kwenye mradi huandikwa kwenye faili la renv.lock. Ukihamia kompyuta nyingine, nakili folda ya mradi kisha andika renv::restore(). Ila hatua ya 3 utairudia kwa mkono, kwani renv haigusi maktaba za mfumo.