Somo: Wadudu kwenye embe kavu na tende

Wanaonitumia picha za embe kavu zilizoingia wadudu huuliza karibu wote, "Nipulizie dawa gani?" Kwa tunda lililokwisha kukaushwa, sahau dawa kwanza. Mjue mdudu, maana yeye ndiye atakayekuonyesha kazi iliharibikia wapi.

Hatua ya 1: Mtambue. Mwaga pakiti moja kwenye sinia jeupe, uiweke juani. Vitakavyoanza kukimbia ndivyo unavyovitafuta.

Ukiona mbawakawa wa milimita 2 hadi 4, mweusi mwenye mabaka ya manjano mgongoni, mabawa mafupi hata ncha ya tumbo imebaki nje, huyo ni Carpophilus hemipterus. Huvutwa na harufu ya tunda linalochachuka, tena hubeba hamira mwilini na kulichachusha tunda jingine. Ukimkuta, usihangaike na stoo. Tazama embe zilizooza chini ya mti, maganda yaliyolundikwa kando ya kaushio, na vipande vilivyotolewa vikiwa na majimaji ndani.

Wa pili ni kahawia, mwembamba, bapa, wa kama milimita 3. Chini ya lenzi utaona meno sita kila upande wa kifua. Kitaalamu ni Oryzaephilus surinamensis. Huyu hajali tunda limekauka kiasi gani. Anakula hata unga, tambi na zabibu. Kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35 hutoka yai hadi mdudu mzima kwa wiki tatu au nne, na mzima huishi miezi mingi. Ubapa wake humpitisha kwenye mshono wa pakiti ambao wewe ungeapa umezibika. Huyu ndiye wa stoo, na kukausha zaidi hakumzuii.

Hatua ya 2: Kausha, kisha jaribu. Kipande kikunjike bila kutoa maji ukikibana. Halafu jaza vipande kwenye chupa ya kioo bila kushindilia, funika, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone kwenye kioo, rudisha kaushioni.

Hatua ya 3: Ua mayai kabla ya kuuza. Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Tunda linatoka kaushioni safi, linakaa wazi usiku mmoja mezani, na mayai yanaingia nalo kwenye pakiti. Ziba mapema, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukiitoa, usiifungue mpaka irudie joto la kawaida, la sivyo tunda litalowa. Asiye na friza atumie joto: nyuzi 60 kwa saa moja kabla ya kufungasha, vipande vimetandazwa safu moja. Kipimajoto kisome joto la tunda lenyewe. La hewa litakudanganya.

Hatua ya 4: Fungasha na panga stoo. Chupa za kioo, ndoo zenye mfuniko wa kubana, au plastiki nene iliyozibwa kwa mashine. Kwa mzigo mkubwa, mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, ile ya kinga njaa, inafaa. Usiweke tunda chumba kimoja na pumba au unga. Fagia nyufa, inua mzigo kutoka sakafuni, na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kipande cha boksi lenye mikunjo ukikiacha pembeni, wadudu hujificha humo. Kikague kila wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, duka la pembejeo wameniambia niweke kidonge cha fosfini ndani ya ndoo. Ni sawa?*

Hapana, kaka, kabisa. Kidonge kile hutoa gesi inayoua watu, hata waliolala chumba cha pili. Ni kazi ya wafukizaji waliofunzwa, kwenye ghala lililozibwa. Na zile dawa za unga za kuchanganya na mahindi usizipeleke kwenye tunda linaloliwa lilivyo.

*Shikamoo mwalimu. Nimenunua boksi la tende za Ramadhani, nyingine zina wadudu. Nitupe zote?*

Marahaba mwanangu. Usitupe zote. Pasua kila tende utazame kuzunguka kokwa, maana ndipo wanapojificha. Zilizoharibika wape kuku. Nzima zitie kwenye friza wiki moja. Mwaka ujao zipitishe friza siku ile ile unayonunua.

*Majani ya mwarobaini je? Au majivu, kama kwenye maharage?*

Maharage unayaosha kabla ya kupika. Embe kavu nani ataiosha majivu? Mwarobaini nao utaiachia uchungu, na mteja hatarudi.

*Embe zangu nazifukiza kwa salfa zisibadilike rangi. Si inatosha na wadudu?*

Salfa inalinda rangi wakati wa kukausha. Mbawakawa atakayeingia miezi miwili baadaye haitamzuia. Ukiitumia, andika kwenye lebo, kwa sababu wenye pumu wengine hudhurika nayo.

*Friza yangu ni ndogo, na nina kilo 40. Nifanyeje, dada?*

Gawa mafungu. Usiijaze friza hadi juu, kwani katikati ya mzigo patachelewa kuganda na mayai ya pale yatapona. Fungu lililotoka friza lisirudi kukaa na ambalo halijaingia. Liweke chumba kingine kabisa.